Karatasi ya Seneta McCarthy

Alhamisi tarehe 9 Februari 1950, Seneta Joseph McCarthy wa Wisconsin aliwasili Wheeling, mji wa viwanda katika jimbo la West Virginia. Kila mwaka, inapokaribia siku aliyozaliwa Abraham Lincoln, chama cha Republican huwatawanya viongozi wake nchini kuhutubia karamu za wanachama. Wenye majina makubwa hupelekwa kwenye miji mikubwa. McCarthy, ambaye hata Washington kwenyewe hakuwa na uzito, alipangiwa klabu ya wanawake wa chama mjini Wheeling.

Usiku huo, katika hoteli ya McClure, alitangaza kwamba mkononi mwake ana orodha ya watu 205 wanaojulikana kuwa ni wanachama wa Chama cha Kikomunisti, na kwamba bado wako kazini katika Wizara ya Mambo ya Nje wakipanga sera za nchi.

Waliomsikiliza walikuwa na sababu za kuogopa. Agosti 1949 Urusi ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la atomiki. Oktoba ile China ikaangukia mikononi mwa Mao. Januari 1950 Alger Hiss, aliyewahi kuwa ofisa wa wizara hiyohiyo, alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo, na wiki moja tu kabla ya hotuba ya Wheeling, Waingereza walimkamata mwanafizikia Klaus Fuchs kwa kuwapa Warusi siri za bomu. Majasusi walikuwepo kweli. McCarthy hakuzua hofu. Aliikuta imekomaa, akaipa tarakimu.

Tarakimu yenyewe ilikuwa na asili yake. Mwaka 1946 waziri wa wakati huo, James Byrnes, alimwandikia mbunge Adolph Sabath barua kuhusu watumishi wapatao 3,000 waliohamishiwa wizarani kutoka idara za wakati wa vita. Baada ya kuchunguzwa, 284 kati yao walipendekezwa wasipewe ajira ya kudumu, na 79 walikuwa wameshaondolewa. Toa 79 katika 284, unabaki na 205. Barua ile haikutaja jina hata moja, wala haikusema kwamba hao 205 ni wakomunisti. Zaidi ya hapo, ilikuwa imeshapitwa na wakati kwa karibu miaka minne.

Frank Desmond, mwandishi wa gazeti la Wheeling Intelligencer, aliripoti hotuba, na mhariri wa gazeti hilo akaisoma habari kwa simu kwa shirika la habari la Associated Press. Ofisi ya shirika mjini Charleston iliishangaa namba, ikauliza kama kweli ni 205. Desmond akaulizwa, naye akathibitisha kwamba ndivyo seneta alivyosema. Habari ikarushwa nchi nzima. Walichohakikisha wote ni kwamba maneno yametamkwa. Kama yana ukweli, hakuna aliyeona kwamba hilo ni jukumu lake usiku ule. Kwangu mimi, hapo ndipo penye moyo wa kisa hiki, kwa sababu hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa tapeli. Walifuata maadili ya kazi kama walivyofundishwa: seneta akisema, ni habari, andika alichosema, usitie neno lako.

Kesho yake ndege ya McCarthy ilitua Denver, na waandishi wakaomba kuiona orodha. Alisema ameiacha kwenye mzigo mwingine ndani ya ndege. Gazeti la Denver Post lilichapa picha yake akipekua begi. Jioni hiyo, redioni mjini Salt Lake City, watu 205 walikuwa wamegeuka 57, sasa wakiwa wanachama wenye kadi. Tarehe 20 Februari, mbele ya Seneti, alizungumza kwa muda wa karibu saa sita, na safari hii zikawa kesi 81.

Mtu angedhani namba kuyumba hivyo kungemmaliza. Kulimkuza, maana kila namba mpya ilikuwa habari mpya. McCarthy alizijua saa za magazeti kuliko wahariri wengi. Alitoa tuhuma dakika chache kabla gazeti halijaenda mitamboni, hivyo mtuhumiwa hakupata nafasi ya kujibu. Jibu lilipofika kesho yake, ukurasa wa mbele ulikuwa umeshachukuliwa na tuhuma nyingine.

Seneti iliunda kamati chini ya Millard Tydings, Mdemocrat wa Maryland. Julai 1950 walio wengi katika kamati walihitimisha kwamba tuhuma zile ni ulaghai mtupu. Novemba mwaka huohuo Tydings aligombea tena kiti alichokalia tangu 1927. Watu wa McCarthy waliwasaidia wapinzani wake, na kukasambazwa kijigazeti chenye picha ya Tydings akiwa karibu na Earl Browder, kiongozi wa zamani wa wakomunisti wa Marekani, kama vile wanaongea. Zilikuwa picha mbili zilizounganishwa, na ile ya Tydings ilipigwa mwaka 1938 akisikiliza matokeo ya uchaguzi redioni. Maelezo chini yake yalikiri kwamba imeunganishwa, lakini jicho la mpiga kura lilikuwa limeshaona. Tydings alishindwa.

Vyombo vya habari vilichelewa kujifunza. Mapema mwaka 1953, Palmer Hoyt wa Denver Post aliwaandikia wasaidizi wake waraka: wapime tuhuma za McCarthy kabla ya kuzichapa, wasione haya kuwa na shaka, na ikiwezekana wazizuie mpaka upande wa pili upatikane. Machi 1954 mtangazaji Edward R. Murrow alimweka McCarthy kwenye televisheni akitumia filamu za hotuba zake mwenyewe, kisha katika miezi iliyofuata televisheni ikaonyesha moja kwa moja vikao vya Seneti kuhusu mvutano wake na Jeshi.

Tarehe 2 Desemba 1954 Seneti ilimshutumu rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Azimio lilikuwa na makosa mawili: kwamba alikataa kushirikiana na kamati ndogo ya Seneti, na kwamba aliwatukana maseneta waliomchunguza. Kuhusu wale watu 205 wa Wheeling, halikusema neno.