Chuo Kikuu Ardhi: Shule ya wapima iliyogeuka mlezi wa miji

KATIKA mitaa mingi ya Dar es Salaam, kiwanja huuzwa kwa utaratibu ambao haumo katika kitabu chochote cha sheria, lakini unajulikana na kila mkazi. Muuzaji na mnunuzi hukutana shambani, hupima kwa hatua za miguu au kwa futikamba, hukubaliana kwamba mpaka ni mnazi fulani au ua wa minyaa, kisha huandikishana mbele ya majirani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi hiyo hutunzwa kama mboni ya jicho.

Miaka inapita, nyumba zinabanana. Siku gari la zimamoto linaposhindwa kufika kwenye nyumba inayoungua, au mgonjwa anapobebwa kwa mkokoteni hadi barabara kuu, ndipo wakazi wanapotambua kwamba kila mmoja alinunua kiwanja, lakini hakuna aliyenunua njia.

Pengo hilo kati ya mji unaojengwa na mji unaochorwa ndiyo kazi kubwa ya Chuo Kikuu Ardhi, taasisi iliyopo jijini Dar es Salaam, jirani kabisa na Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni chuo cha umma ambacho shughuli yake yote inahusu ardhi, majengo, makazi na mazingira, na wengi wa wataalamu wanaopanga na kupima miji ya Tanzania wamepita katika madarasa yake.

Kilikoanzia

Chuo hicho hakikuanza kama chuo kikuu. Mwaka 1956, wakati Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza, ilianzishwa shule ya kufundisha mafundi sanifu wa upimaji wa ardhi katika eneo la Mgulani. Mwaka 1958 shule hiyo ilihamishiwa kwenye kilima kinachojulikana kama Observation Hill, mahali ambapo chuo kipo hadi leo. Eneo la jirani lingali likiitwa Survey, jina linalokumbusha enzi hizo za wapima.

Lengo la shule hiyo lilikuwa finyu. Serikali ya kikoloni ilihitaji wasaidizi wa kubeba vyombo vya kupimia, kusoma pembe na kusimika mawe ya mipaka. Uamuzi wa nani akae wapi haukuwa wao. Kanuni za ujenzi za miaka ya 1920 zilikuwa zimekwisha kuugawa mji katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya majengo, na matokeo yake yakawa ni mji wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Huduma za maji, barabara na mifereji zilifuata mgawanyo huo huo.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, mahitaji yalibadilika. Serikali iliazimia kujenga vijiji vipya, na mwaka 1973 ukatolewa uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mambo hayo yote yalihitaji watu wa kupanga, si wa kupima tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 masomo yalipanuliwa yakahusisha mipango miji pamoja na usimamizi na uthamini wa ardhi, na kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1974 ikaanzishwa rasmi taasisi iliyojulikana kama Chuo cha Ardhi, chini ya wizara iliyohusika na ardhi.

Julai 1, 1996, chuo hicho kilikuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikijulikana zaidi kwa kifupisho cha UCLAS, na kuanza kutoa shahada badala ya stashahada za juu. Mwaka 2007 kilipata hadhi ya chuo kikuu kinachojitegemea. Hivyo, katika muda wa takriban nusu karne, shule ya mafundi ikawa chuo kikuu.

Kinachofundishwa

Wanafunzi wa chuo hicho husomea mipango miji na vijiji, upimaji na sayansi za jiomatiki, usimamizi na uthamini wa ardhi, ubunifu majengo, ukadiriaji majenzi, uhandisi wa mazingira na fani nyingine zinazokaribiana na hizo. Yapo pia masomo ya uzamili na uzamivu, yakiwamo yanayohusu makazi na udhibiti wa maafa.

Jambo linaloitofautisha elimu hiyo na ya vyuo vingine ni kazi za studio. Mwanafunzi wa mipango miji hasomi nadharia peke yake. Pamoja na wenzake hupewa eneo halisi la mji, akatakiwa kwenda huko, kuhesabu nyumba, kuuliza wakazi, kutazama maji ya mvua yanakopita, kisha kurudi na mapendekezo yenye ramani. Mapendekezo hayo hukosolewa na walimu mbele ya darasa zima. Kwa njia hiyo kijana aliyelelewa katika nyumba ya kiwanja kilichopimwa hulazimika kuzijua chochoro za Manzese au Tandale kabla ya kupewa shahada.

Chuo kimekuwa pia na ushirikiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Dortmund cha nchini Ujerumani, ambapo wanafunzi wa uzamili wa mipango ya maendeleo ya mikoa husoma sehemu ya masomo Ujerumani na sehemu nyingine katika vyuo washirika, kikiwamo cha Dar es Salaam.

Mji uliotangulia ramani

Ili kuelewa ugumu wa kazi ya wataalamu hao, ni vyema kutazama jinsi Dar es Salaam ilivyopangwa. Mpango mkuu wa kwanza uliandaliwa mwaka 1949 na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza. Wa pili, wa mwaka 1968, ulitayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Canada. Wa tatu, wa mwaka 1979, nao uliandaliwa na kampuni ya Canada, Marshall Macklin Monaghan. Mpango huo wa mwisho ulikusudiwa kudumu miaka 20, lakini ulipomaliza muda wake haukuwapo mwingine wa kuupokea. Mpango mkuu mpya ulikuja kuandaliwa katika miaka ya 2010.

Wakati huo wote mji haukusubiri. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi takriban milioni 2.5. Mwaka 2012 walikuwa milioni 4.36, na mwaka 2022 wakafikia milioni 5.38. Kwa makadirio yaliyotumiwa kwa miaka mingi na serikali pamoja na watafiti, takriban asilimia 70 ya wakazi wa jiji waliishi katika makazi yasiyopangwa.

Mwaka 2002 serikali ilianzisha mradi wa kupima viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji, katika maeneo kama Bunju, Tuangoma, Kibada na Gezaulole. Ulikuwa mradi mkubwa, na wapima na wapangaji wa mji walipata kazi ya kutosha. Lakini hesabu nyepesi inatoa picha kamili. Kati ya mwaka 2002 na 2012 jiji liliongezeka kwa wastani wa watu wapatao 187,000 kila mwaka. Hata kama kila kiwanja kingekaliwa na watu 10, viwanja vyote 20,000 vingejaa kwa ongezeko la mwaka mmoja na kidogo. Miaka tisa iliyobaki watu hao wangekaa wapi?

Jibu ni kwamba walikaa pale walipoweza kununua.

Kutoka kubomoa hadi kuboresha

Hapo mwanzo mamlaka ziliona makazi hayo kuwa ni kosa la kufutwa. Katika miaka ya 1960 baadhi ya nyumba za udongo zilibomolewa na mahali pake zikajengwa nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Ilidhihirika upesi kwamba njia hiyo ilikuwa ghali, na kwamba nyumba iliyobomolewa na nyumba iliyojengwa hazikuongeza idadi ya watu wenye mahali pa kulala.

Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, sera ikageuka. Manzese ikaboreshwa kwa kupitishiwa barabara na maji pasipo kuhamisha watu wote, na viwanja vyenye huduma vikapimwa katika maeneo kama Sinza na Kijitonyama. Mwaka 1992, kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, uliosisitiza kwamba mpango wa mji hauwezi kuwa siri ya ofisi moja, bali ni makubaliano ya wadau wote.

Katika miaka hiyo ya 1990, wakazi wa Hanna Nassif, wilayani Kinondoni, walishiriki wenyewe kujenga mifereji ya maji ya mvua na njia za mtaa wao kwa kandarasi zilizosimamiwa na jumuiya yao. Eneo hilo limekuwa mfano unaorejewa mara kwa mara katika tafiti za makazi, zikiwamo za wahadhiri wa Ardhi.

Watafiti wa chuo hicho wamechangia pia kubadili namna makazi hayo yanavyotazamwa. Profesa Lusugga Kironde amefuatilia kwa kina jinsi matumizi ya ardhi ya Dar es Salaam yalivyojengeka tangu enzi za Wajerumani. Profesa Wilbard Kombe, akishirikiana na Volker Kreibich wa Dortmund, alionyesha katika kitabu cha mwaka 2000 kwamba yale yanayoitwa makazi holela yana utaratibu wake. Viongozi wa mitaa, wajumbe na majirani hushuhudia mauziano, husuluhisha migogoro ya mipaka na hutambua nani ni mwenye eneo. Kinachokosekana ni mkono wa kuunganisha utaratibu huo na ramani ya mji, mapema, kabla njia hazijazibwa.

Wanafunzi mitaani

Mwaka 2011, wanafunzi wa mipango miji wa Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi, wakiwa na vifaa vya kunasa mahali kwa setilaiti. Walichora njia, mifereji, vyoo, visima na maduka katika eneo ambalo kwenye ramani nyingi lilionekana kama doa tupu. Mwishoni mwa mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam na kuua makumi ya watu, na familia kutoka bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande.

Kuanzia mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa chini ya mradi wa Ramani Huria, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia. Mamia ya wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora kata zilizo katika hatari ya mafuriko. Mzee wa mtaa aliyekumbuka maji yalifika dirisha gani akawa mwalimu wa kijana mwenye kompyuta. Ramani zilizopatikana ziliwekwa wazi, ili mtu yeyote aweze kuzitumia bila malipo.

Sheria na karatasi

Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilitambua kwamba mkazi wa eneo lisilopimwa anaweza kupewa leseni ya makazi, na kuanzia mwaka 2004 zaidi ya majengo 200,000 yaliorodheshwa jijini kwa ajili hiyo. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 iliweka utaratibu wa urasimishaji, ambao makazi yaliyokwisha kujengwa hupangwa upya kwa kushirikisha wakazi, wakapima na kupata hati.

Kazi kubwa ya urasimishaji imefanywa na makampuni binafsi, ambayo mengi yanaendeshwa na wahitimu wa Ardhi. Hapa ndipo utumishi wa umma unapopimwa. Ramani inapochorwa, mtu mmoja hutakiwa kutoa hatua tatu za uwanja wake ili njia ipite, na jirani yake hatoi kitu. Mtaalamu asiyekaa na watu hao hadi waelewane, hata kama ramani yake ni safi, atarudi kukuta ukuta umejengwa juu ya mawe ya mipaka. Wapo pia wakazi waliochangishana fedha wakangoja hati kwa miaka, na malalamiko hayo yamesikika hata kwa viongozi wa serikali.

Chuo hakina mamlaka ya kuamuru manispaa itenge bajeti, wala ya kumzuia mtu kuuza shamba lake vipande vipande. Kinachoweza kufanya ni kutoa watu wanaojua kupima, kupanga na kusikiliza, wakasambaa katika halmashauri nchini kote.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa Tandale na Manzese samaki alikwisha kukauka, na kila barabara inayofunguliwa sasa ina nyumba ya mtu inayovunjwa na fidia inayodaiwa. Lakini huko Chanika, Mbagala ya pembezoni na katika miji inayochipukia mikoani, bado yapo mashamba ambayo hayajakatwa. Huko, mtaalamu mmoja akifika mapema pamoja na mwenyekiti wa mtaa, wakakubaliana na wenye mashamba mahali pa kupita barabara kabla mnunuzi wa kwanza hajaandikishana, gharama yake ni kamba, vigingi na siku chache za mazungumzo.