Fremu ya mtandaoni nayo ina mwenye nyumba

Kuna misemo miwili ya biashara ambayo sote tumekua nayo, na inapingana. Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watu wa mjini wanasema biashara matangazo. Kazi yangu ya uripota inanizungusha sana Kariakoo, na siku hizi karibu kila mwenye biashara ndogo ninayekutana naye ameshachagua upande wa pili. Ana akaunti ya Instagram, ana namba ya WhatsApp, na ukimuuliza duka lake liko mtaa gani anacheka, anakwambia yeye yupo mtandaoni.

Leo naomba turudi nyuma kidogo. Naona tunayaita mambo haya mapya wakati nusu yake ni ya zamani sana, na ile nusu ambayo kweli ni mpya ndiyo hatuizungumzii.

Tuanzie Mombasa. Mwaka 1887 mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, ambaye wateja walimjua zaidi kwa jina la Abdulla, alianzisha biashara yake ya vitambaa katika mji ule. Ni yeye ambaye wengi wanampa sifa ya kuanza kuchapa maneno kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, awali kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia sasa. Kwenye kanga zake aliweka pia alama ya kwake: K.H.E., Mali ya Abdulla.

Hebu itazame biashara ile kwa macho ya leo. Kanga hainunuliwi ikafungiwa kabatini. Mama anaivaa kwenda sokoni, anaivaa arusini, anajitanda nayo msibani. Jirani anaisoma. Maneno yakimgusa (au yakimchoma!) naye anataka ya kwake, au anatafuta yenye majibu. Tangazo linatembea mtaani, anayelitembeza ni mteja mwenyewe, na ameshalilipia. Kwa hiyo kizuri kilikuwa kinajitembeza, ila kwa miguu ya watu wanaofahamiana na kuaminiana. Mwanamke wa Mombasa au Unguja hakuhitaji mwenye duka amwambie kanga ni nzuri. Ameshaiona kwa shoga yake.

Ukiangalia yule dada anayeuza viatu mtandaoni, mbinu yake ni hiyohiyo. Anamwomba mteja apige picha akiwa amevaa, aiweke kwenye ukurasa wake, amtaje muuzaji. Marafiki wa mteja wanauliza "umenunua wapi?" Hapo biashara imeshafanyika.

Kati ya kanga na simu ya mkononi kuna kipindi kirefu ambacho mfanyabiashara mdogo aliachwa nje. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Televisheni za watu binafsi zilikuja Tanzania Bara mwaka 1994. Magazeti yalikuwepo kabla ya vyote hivyo. Lakini nafasi ya tangazo katika vyombo hivi ina bei, na mimi nafanya kazi gazetini, naijua. Wenye bia, sabuni na benki waliiweza. Mama ntilie na fundi cherehani walibaki na kibao cha rangi ya mafuta, mpiga debe na midomo ya watu.

Kilichovunja ukuta huo hakikuwa kitu kimoja. Ni vitu kadhaa vilivyofuatana ndani ya miaka mitano hivi. Machi 2007 M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaingia Tanzania, kwa hiyo mtu wa Mwanza akaweza kumlipa muuzaji wa Dar es Salaam bila kupanda basi. Novemba 2007 Facebook ikaruhusu biashara kufungua kurasa zake bure, na mwaka 2009 ikatoa toleo la Kiswahili. Julai 2009 mkonge wa SEACOM ukaanza kazi chini ya Bahari ya Hindi, tukaanza kuachana na utegemezi wa setilaiti, ambazo zilikuwa ghali na za polepole. Oktoba 2010 ikazaliwa Instagram, lakini kwa wenye iPhone tu, na tukubaliane kwamba iPhone mjini hapa mwaka ule zilikuwa za kuhesabu. Mlango ulifunguka Aprili 2012 ilipoingia kwenye simu za Android. Ongeza bodaboda wa kupeleka mzigo hadi mlangoni, duka limekamilika.

Kwa mara ya kwanza muuza mitumba wa Ilala alikuwa na kibao kinachosomeka hadi Arusha, tena bila kulipa hata senti. Tusilibeze hilo hata kidogo. Kuna watu wamesomesha wadogo zao kwa kibao hicho.

Sasa tuje kwenye ile nusu mpya. Kila anayepanga Kariakoo anajua fremu ni nini. Unalipa kodi, mara nyingi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, unasaini mkataba, na unamjua mwenye nyumba kwa sura. Fremu ya mtandaoni ilionekana ya bure, tukasahau kuuliza mwenye nyumba ni nani. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Vibao vya maelfu ya biashara zetu vikawa vimening'inia kwenye ukuta wa kampuni moja.

Kodi nayo ikaja, polepole. Septemba 2015 Instagram ilifungulia biashara zote, kubwa na ndogo, kununua matangazo. Machi 2016 ikatangaza kwamba picha hazitaonekana tena kwa kufuata muda zilipowekwa, bali kompyuta itapanga nani aone nini kwanza. Januari 2018 Facebook ikasema itatanguliza habari za ndugu na marafiki, za biashara zirudi nyuma. Sababu haina uchawi. Mapato ya kampuni hiyo karibu yote yanatokana na matangazo, na mtu mmoja ana muda mchache tu wa kutazama simu kwa siku. Wanaotaka kuonekana wakiwa wengi kuliko nafasi, nafasi inauzwa. Ndiyo maana muuzaji mwenye wafuasi 20,000 anaweka picha, wanaiona wachache, halafu simu inamshauri alipie ili ifike kwa wengi. Wafuasi ni wake, lakini kuwafikia analipia!

Halafu kuna siku ambayo mwenye nyumba anafunga geti. Tarehe 4 Oktoba 2021, kabla ya saa moja jioni kwa saa zetu, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa pamoja dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mafundi wa kampuni walikuwa wakifanya marekebisho kwenye mitambo yao, amri moja ikakosewa, na anwani zao zikafutika kwenye intaneti. Jioni ndiyo saa ambayo watu wametoka kazini, wanaulizia bei na kuagiza. Aliyekuwa na oda ya keki ya asubuhi, na maelekezo ya mteja yakiwa WhatsApp, alilala hajui aandike jina gani juu ya keki.

Geti linaweza kufungwa hata na asiye mwenye nyumba. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima, na haikuanza kurejea hadi tarehe 3 Novemba. Kuna familia zilizopoteza wapendwa wao siku zile, na hakuna hesabu ya biashara inayoweza kuwekwa kwenye mizani moja na hilo. Hata mitaani maduka yalifungwa. Nalitaja kwa sababu moja tu: mtandao ulipozimwa, kuna watu ambao hata kujua wateja wao ni akina nani hawakuweza, maana majina yote yalikuwa ndani ya kitu kilichozimwa.

Hapa ndipo namrudia Abdulla. Kanga zake zilitembea kwa hisani ya watu wengine, kama picha za leo. Lakini jina lilikuwa limechapwa kwenye kitambaa. Soko lingehama, dalali angegoma, mama aliyevaa kanga Lamu bado angejua pa kuitafuta nyingine. Alama ilikuwa mali yake, mteja alikuwa na njia ya kumrudia.

Dada mmoja wa Sinza anayeoka keki aliwahi kunionyesha daftari lake, kaunta buku ya kawaida kabisa. Kila mteja ana mstari wake: jina, namba ya simu, mtaa, tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, ladha anayoipenda. Siku tatu kabla ya tarehe anampigia. Juu ya kila boksi kuna karatasi yenye jina la biashara na namba ya simu, kwa hiyo mgeni wa sherehe akiipenda keki hahitaji kumtafuta popote. Instagram anaitumia sana tu, na pesa ya tangazo analipa kila mwezi. Ila ananiambia anailipa kama kodi ya fremu: ikileta wateja anaongeza, isipoleta anapunguza. Utajiri wake upo kwenye daftari.

Kwa hiyo sisemi mtu afunge akaunti yake. Fremu nzuri inalipiwa. Nasema tu kwamba wafuasi 20,000 ni watu wanaopita mbele ya nyumba ya mtu mwingine, na wateja 200 ambao una namba zao ni wako. Kama unafanya biashara mtandaoni, usiku wa leo kabla hujaweka picha nyingine, tafuta daftari uandike majina yao.

Naomba kuwasilisha.