Mkate na mabaki ya ugali: tumpe kuku kiasi gani?

Kuku hukimbilia mkate, ugali na wali, lakini vyakula hivi ni wanga kwa sehemu kubwa. Kuku anayetaga anahitaji pia protini, na madini ya chokaa ya kutengeneza ganda la yai. Akishiba mkate huacha chakula chake, na mayai hupungua.

Kuku mkubwa wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku. Tunashauri mabaki yasizidi sehemu moja ya kumi, yaani kama kijiko kikubwa kimoja cha ugali kwa kila kuku. Wape jioni, wakiwa wameshakula chakula chao. Epuka mabaki yenye chumvi nyingi, maharage mabichi, na maganda au kokwa la parachichi.

Mkate au mahindi yenye ukungu usiwape kabisa. Yanaweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Sumu hiyo huharibu ini la kuku na inaweza kufika kwenye mayai na nyama mnayokula nyumbani. Vifukie mbali, kuku wasivifukue. Kisichomfaa mtoto wako, usimtupie kuku.