Waliozisoma Ndio Waliozijenga: Historia ya Riwaya Nyepesi za Mapenzi

Kwa wanawake wengi waliosoma shule za bweni nchini Kenya, na si wachache wa Uganda na Tanzania, Mills & Boon ni jina la usichanani. Kilikuwa kitabu chembamba kinachohama kitanda hadi kitanda mpaka jalada linang'oka. Kilisomwa kwa tochi chini ya blanketi taa zikishazimwa, kikafichwa ndani ya daftari la jiografia, na matroni akikinasa kilipotea moja kwa moja. Walimu walikiita takataka. Wasichana waliokuwa wakikisoma hawakuulizwa na mtu wanakionaje.

Kutoulizwa huko ndiko kunakonikera, maana ukiifuatilia historia ya riwaya hizi tangu mwanzo wake jijini London utakuta msomaji wa kawaida ndiye aliyeshika usukani. Wachapishaji waliomsikiliza walitajirika. Waliojifanya wanajua zaidi yake walipata hasara.

Mwaka 1908 Gerald Mills na Charles Boon waliacha kazi katika kampuni ya uchapishaji ya Methuen wakafungua ya kwao. Mills alikuwa mtu wa vitabu vya shule. Boon alitoka familia fukara, aliacha masomo akiwa na miaka 12, na Methuen aliingia kama kijana wa kutumwatumwa ofisini. Kitabu chao cha kwanza, kilichotoka 1909, kilikuwa cha mapenzi kweli, Arrows from the Dark cha Sophie Cole, lakini hawakuwa wamekusudia kuuza mapenzi peke yake. Walimchapisha Jack London, walimchapisha P. G. Wodehouse, wakatoa na vitabu vya kiada. Mills alipofariki mwaka 1928 hali ya kampuni haikuwa nzuri, na Boon akalazimika kutazama ni vitabu gani hasa vinavyotoka.

Jibu lilikuwa kwenye vimaktaba vya kukodisha. Uingereza ya miaka ya 1930 ilijaa vimaktaba hivyo: rafu mbili tatu ndani ya duka la sigara au la peremende, ambako mfanyakazi wa kiwandani au mama wa nyumbani alilipa peni mbili akaondoka na kitabu cha wiki. Boots, kampuni ya maduka ya dawa, nayo ilikuwa na maktaba zake za kulipia. Mwenye rafu hakujali mhakiki wa gazeti kasema nini. Alichotaka ni kitabu kikirudi leo kitoke tena kesho. Mills & Boon wakafuata mkondo huo, wakavipa vitabu vyao majalada magumu ya rangi ya kahawia, hata wasomaji wakawa wanavitambua kwa rangi kabla ya kutazama jina la mwandishi. Mwanamke mwenye peni mbili mkononi alikuwa amewachagulia kampuni hiyo njia.

Hapa nataka tukae kidogo na mwandishi mmoja wa enzi hizo, kwa sababu kila ninaposikia riwaya hizi zikiitwa upuuzi namkumbuka yeye. Ida Cook alikuwa mwanamke wa London, wa familia ya kawaida, aliyependa opera hadi akawa anadunduliza senti zake kwa ajili ya tiketi. Mwaka 1936 Mills & Boon walitoa riwaya yake ya kwanza, Wife to Christopher, kwa jina la kalamu la Mary Burchell. Vitabu vyake viliuzika, na kwa mara ya kwanza maishani akawa na fedha za ziada.

Fedha hizo alizitumia kuokoa watu. Yeye na dada yake Louise, karani wa serikali, walikuwa wakienda Ujerumani na Austria mwishoni mwa juma kwa kisingizio cha kwenda kusikiliza opera. Huko walikutana na Wayahudi waliokuwa wakitafuta njia ya kukimbia utawala wa Hitler. Uingereza ilidai mkimbizi awe na mdhamini na fedha za kumtunza, na Wanazi hawakumruhusu kutoka na mali yake. Basi dada hawa wawili, waliokwenda na nguo za kawaida, walirudi wamevaa mikufu ya lulu, bangili za almasi na makoti ya manyoya ya watu wengine. Lebo za makoti walizibandua wakashonea za maduka ya London, ili afisa wa mpakani akigeuza kola asione neno la Kijerumani. Watu 29 walifika salama kwa juhudi zao. Katikati ya miaka ya 1960 Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, iliwatunuku heshima inayopewa watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa. Ida aliendelea kuandika mapenzi mpaka uzeeni, na kwa miaka 20 hivi alikuwa rais wa chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Uingereza. Gharama za safari zile zililipwa na vitabu vya peni mbili.

Charles Boon alifariki 1943, wanawe wakashika kampuni. Vita viliisha, lakini vimaktaba vikaanza kufa: wauza vitabu W. H. Smith walifunga maktaba yao 1961, Boots 1966. Ilibidi vitabu viuzwe badala ya kukodishwa, na vikaingia kwenye majalada laini.

Wakati huo msaada ulikuwa umeshatoka Kanada. Harlequin, kampuni iliyoanzishwa 1949 mjini Winnipeg na Richard Bonnycastle, ilikuwa ikichapisha kila kitu: upelelezi, cowboy, mapishi. Mkewe, Mary Bonnycastle, alikuwa msomaji tu kama wengine, naye aliona kwamba riwaya za mapenzi za Mills & Boon, hasa za manesi na madaktari, ndizo zinazopendwa. Kuanzia 1957 Harlequin wakawa wanazichapisha upya Amerika Kaskazini, cha kwanza kikiwa The Hospital in Buwambo cha Anne Vinton. Mwaka 1971 Harlequin wakainunua Mills & Boon yenyewe. Mwaka huohuo wakamleta Lawrence Heisey, mtu wa biashara ya sabuni kutoka Procter & Gamble, naye akavipeleka vitabu supamaketi, akavitia hata ndani ya maboksi ya sabuni ya unga kama zawadi. Wapo waliodhani huko ni kukidhalilisha kitabu. Mimi naona alikipeleka alipo mnunuzi, jambo ambalo wachapishaji wetu bado hawajajaribu ipasavyo.

Katika miaka hiyo akatokea Betty Neels, ambaye kwangu ndiye mfano bora wa riwaya nyepesi. Neels alikuwa nesi Mwingereza aliyeolewa na Mholanzi. Alipostaafu, siku moja maktabani alimsikia mwanamke akilalamika kwamba hakuna riwaya nzuri za mapenzi za kusoma. Akaenda kuandika. Kitabu chake cha kwanza, Sister Peters in Amsterdam, kilitoka 1969, na mpaka anafariki mwaka 2001 alikuwa ameandika zaidi ya 130. Karibu vyote vina nesi Mwingereza mwenye bidii na daktari wa Kiholanzi mtaratibu, tajiri, asiyesema sana. Hakuna kitanda. Kuna chai, supu nzuri, gauni la heshima, mbwa mtiifu, na wodi yenye shughuli inayoelezwa na mtu aliyeifanyia kazi. Humo ndimo nguvu yake ilimo. Nesi wa Neels anachoka miguu kabla hajapendwa, na mapenzi yakimfikia msomaji anayaamini, kwa kuwa ameshaamini uchovu wake.

Si vyote vilivyokuwa hivyo. Nikisoma vya miaka ya 1970 nakutana mara nyingi na bosi jeuri anayemshika msichana mkono kwa nguvu, kisha tunaambiwa hayo ndiyo mahaba. Nakutana pia na masheikh wa nchi zisizokuwepo kwenye ramani, wanaoteka wanawake wa Kizungu na kuwapeleka mahemani. Msomaji wa Mombasa au wa Muscat, mwenye shangazi na wajomba pande zote mbili za bahari, hamtambui hata mmoja wao. Afrika nayo ilikuwa pazia la nyuma tu, la mbuga na jua likizama. Kasoro hizi ni za kweli na sitazifunika.

Ila wa kwanza kuzikataa walikuwa wasomaji wenyewe. Mwaka 1984 Janice Radway, msomi wa Kimarekani, alitoa kitabu Reading the Romance baada ya kufanya jambo rahisi ambalo wahakiki wengi hawakuwa wamelifanya. Alikwenda katika mji mmoja wa Marekani, akaupa jina la kubuni la Smithton, akawauliza wanawake wanaonunua riwaya hizi wanafikiri nini. Kiongozi wao alikuwa muuza vitabu anayeitwa humo Dot, aliyewashauri wateja kipi kinafaa na kipi cha kukiacha rafuni. Majibu yao yalikuwa makali na ya wazi. Walitaka shujaa wa kike mwenye akili na ulimi wake. Walitaka mwanamume anayejua kujali, si mbabe. Walichukia ubakaji, walichukia mwisho wa huzuni, na baadhi walisoma kurasa za mwisho dukani kabla ya kulipa. Na walisema jambo ambalo mama yeyote analielewa: muda wa kusoma ulikuwa muda wao peke yao, ambapo hakuna mtoto wala mume anayedai kitu. Radway mwenyewe alikuwa na mashaka kama riwaya hizo zinawakomboa au zinawatuliza tu, na mjadala huo haujaisha. Mimi niko upande wa wanawake wa Smithton. Walijua wanachokisoma na walijua kwa nini.

Soko nalo lilithibitisha uzito wao. Nora Roberts alipopeleka maandishi yake Harlequin alikataliwa, kwani walikuwa tayari na mwandishi wao wa Kimarekani, Janet Dailey. Mwaka 1980 wapinzani wao Simon & Schuster wakaanzisha Silhouette mahususi kwa riwaya za Kimarekani, wakamchukua Roberts, na Harlequin waliishia kuinunua Silhouette mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1980 mhariri Mmarekani Mweusi, Vivian Stephens, alitoa Entwined Destinies, riwaya yenye wapenzi Weusi iliyoandikwa na Elsie Washington kwa jina la Rosalind Welles. Wanawake Weusi walikuwa wanunuzi wa vitabu hivi kwa miaka mingi bila kujiona ndani yake.

Kisha ikaja zamu ya kicheko. Helen Fielding alianza Bridget Jones kama safu ya gazeti la The Independent mwaka 1995, kitabu kikatoka 1996, na Marian Keyes wa Ireland alikuwa ameshatoa Watermelon. Wanawake wa vitabu hivi wana kodi ya nyumba, marafiki wanaoingilia, na mabosi wasioeleweka. Hapo ndipo riwaya nyepesi ya mapenzi ya leo ilipozaliwa, ile ya jalada la rangi angavu inayosomeka kwa safari moja ya basi.

Dharau haikwisha. Mwaka 2003, ilipojengwa barabara ya M6 Toll nchini Uingereza, karibu nakala milioni 2.5 za Mills & Boon zisizouzika zilisagwa zikachanganywa kwenye lami. Magazeti yalicheka. Kwangu idadi hiyo inaonyesha tu wingi wa vitabu vilivyokuwa vikichapishwa, kiasi kwamba masalia yake yalitosha kuingia barabarani.

Afrika haikukaa kimya. Desemba 2014 wachapishaji wa Cassava Republic wa Nigeria walianzisha Ankara Press, riwaya za mapenzi za wanawake wa Lagos na miji mingine, wenye kazi zao na kauli zao, zikiuzwa kwa bei nafuu kupitia simu. Mwaka uliofuata, kwa siku ya wapendanao, walitoa mkusanyo wa hadithi katika lugha za Kiafrika, na hadithi ya Binyavanga Wainaina wa Kenya ikaingia kwa Kiswahili cha mtafsiri Elieshi Lema.

Kwetu mapenzi hayajapungua katika riwaya pendwa. Hadithi za mfululizo za Eric Shigongo wa Tanzania ziliwafanya watu wanunue gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja. Ila mapenzi yetu ya kwenye kitabu mara nyingi yana adhabu ndani yake: usaliti, sumu, ugonjwa, kifo. Mwanamke anayependa kwa hiari yake, akafanya kosa dogo, akacheka, akapendwa, na asife, ni nadra kumkuta kwa Kiswahili kilichochapwa na kuhaririwa vizuri. Wanaomtaka wanamtafuta kwa Kiingereza, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara za Nairobi na Dar es Salaam, au kwenye simulizi zinazotumwa kipande kwa kipande kwenye simu.

Kwa hiyo nawaomba wachapishaji wetu: kabla ya kuamua kwamba riwaya nyepesi ya mapenzi hailipi au haina heshima, nendeni saluni, nendeni stendi ya mabasi, waulizeni wanawake wanasoma nini na wanakosa nini. Kisha mtafuteni nesi wetu mstaafu, karani wetu, mwalimu wetu, mpeni mhariri mzuri, chapisheni kitabu chake kwa karatasi ya bei nafuu, na mkiuze palepale wanaponunua sabuni.