Umati Ukihama, Dawa Imekatika

Mchezaji wa Dungeons & Dragons anaijua raha hii: mchawi wa upande wa pili ameshikilia sihiri yake, mpiganaji wako anamfikia na upanga, sihiri inakatika. Kwa kanuni za mwaka 2014, mchawi aliyejeruhiwa hurusha dadu la nyuso 20. Lazima afikie 10, au nusu ya madhara aliyopata ikiwa nusu hiyo imezidi 10. Asipofikia, basi tena. Si lazima sihiri ivunjwe na sihiri kubwa zaidi. Mkono wenye ujuzi unatosha.

Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka 1974. Ukiniuliza mimi, Wasukuma walikuwa nao zamani, bila dadu.

Usukumani, na humo imo Bariadi, ambayo tangu 2012 iko Mkoa wa Simiyu, ngoma zina pande mbili: Bagika na Bagalu. Simulizi zinazirudisha kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walioshindana nani ana dawa kali. Baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja, wakati mmoja. Watazamaji wako huru kuhama, na mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Ndiyo maana kuna samba, dawa ya mvuto, na kuna dawa za kuifunga ya mwenzako.

Sasa tazama inavyokwenda. Upande mmoja umejifukiza vizuri, watu wamejaa. Ghafla ningi wa upande wa pili, yaani manju wao, anatoa wimbo mpya unaochoma, au wachezaji wake wanaibuka na nyoka mkononi. Shingo zinageuka, kisha miguu. Dawa imekatika mchana kweupe, na aliyeikata ni msanii.

Hapa ndipo ninapogombana na baadhi ya maandishi kuhusu ngoma. Wengine huandika dawa tu, Msukuma akabaki mshirikina. Wengine huifuta dawa kwa aibu, tukabaki na "burudani za asili". Wote wanampokonya ningi jasho lake. Aliyeshindwa atasema amezidiwa dawa, aliyeshinda atamsifu mganga wake, sawa. Lakini kabla ya msimu mwingine wote wanarudi mazoezini. Wangekuwa wanaitegemea dawa peke yake, si wangelala?