Hati za kaboni na sera ya nje: Kibera na Kawangware

Hati ya kaboni huhesabiwa kwa tani moja ya hewa ukaa ambayo ingetoka lakini haikutoka. Ni ndugu wa vibali vya uchafuzi, ambapo serikali huweka ukomo, hugawa vibali, kisha huwaachia wenye viwanda wauziane. Marekani ilianza kutumia vibali hivyo mwaka 1995 kwa salfa ya mitambo ya umeme, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2005 kwa kaboni. Kenya haijaviwekea viwanda vyake ukomo wa namna hiyo. Yenyewe iko upande wa muuzaji, na sehemu ya bidhaa yake hutoka jikoni.

Katika vyumba vya mabati vya Gatwekera na Laini Saba, huko Kibera, na vya Kawangware, chakula cha jioni kimepikwa kwa miaka mingi kwa makaa ya kununua kwa mkebe, au kwa mafuta taa. Septemba 2018 mafuta taa yaliongezewa tozo ya Sh18 kwa lita ili kuwazuia wanaoyachanganya na dizeli; tozo hiyo ilimwangukia pia mpishi asiye na lori wala dizeli. Mwaka uliofuata kampuni ya KOKO Networks ilianza kuuza ethanoli Nairobi kupitia mashine zilizowekwa kwenye maduka ya mtaani. Mteja alikuja na mtungi wake, akajaza kulingana na pesa aliyo nayo. Bei ilishushwa kwa kutegemea mapato ya hati za kaboni, kwa hiyo gharama ya kupika sukuma wiki Kibera ikafungamana na mnunuzi aliye ng'ambo.

Hapo ndipo sera ya nje inapoingia jikoni. Chini ya kifungu cha 6 cha Mkataba wa Paris wa 2015, hati ikiuzwa ili nchi nyingine itimize ahadi yake, au ili shirika la ndege litimize wajibu wake wa kimataifa, nchi iliyoiuza lazima itoe barua ya idhini na kuirudisha tani hiyo kwenye hesabu yake yenyewe. Mwaka 2020 Kenya iliahidi kupunguza hewa chafu kwa asilimia 32 ifikapo 2030. Kila barua inayotiwa saini huifanya ahadi hiyo kuwa ngumu zaidi. Barua hiyo inaonekana ni karatasi ya biashara, lakini kwa maoni ya mwandishi huyu ni uamuzi wa kidiplomasia, na ndiyo inayoamua kama hati ina thamani kwa wanunuzi hao.

Hata hivyo sera ya nje na soko la kaboni hutungwa kwa njia tofauti kabisa. Kenya iliendesha uhusiano wake na mataifa kwa nusu karne bila waraka mmoja wa sera. Wa kwanza ulizinduliwa Januari 2015, diplomasia ya mazingira ikiwa miongoni mwa nguzo zake. Katiba ya 2010, kifungu cha 2(6), inaifanya mikataba iliyoridhiwa kuwa sehemu ya sheria, na sheria ya mikataba ya 2012 inaipeleka Bungeni kwanza. Misimamo mingine mingi hutoka Ikulu, na wananchi huisikia kwenye taarifa ya habari. Soko la kaboni limewekewa sheria, daftari na mizani. Lakini hata sheria hiyo haikusahau wageni: marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yalitiwa saini tarehe 1 Septemba 2023, siku tatu kabla ya viongozi wa Afrika kukutana katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kuzungumzia tabianchi. Kanuni zake zilifuata mwaka 2024.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye kipimo. Hakuna anayepima uzito wa urafiki wa nchi mbili, ila hati ya kaboni bila kipimo ni hewa tupu. Utafiti wa Gill-Wiehl, Kammen na Haya, uliotoka mwaka 2024, ulikuta kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza katika nchi mbalimbali ilijihesabia takriban mara 9 ya tani ilizookoa kweli. Mojawapo ya sababu inafahamika na kila mpishi: anayepata jiko jipya halitupi la zamani. Chai huchemshwa kwenye jipya, githeri inayochemka kwa saa tatu hurudi kwenye makaa. Miradi inayopima mafuta yaliyotumika, badala ya kumuuliza mtu kwa dodoso, ilikuwa karibu zaidi na ukweli.

Tani zikishapimwa, linabaki swali la mgawo. Sheria hiyo ya 2023 inataka asilimia 40 ya mapato ya mradi wa ardhi iende kwa jamii, na asilimia 25 kwa miradi mingine, baada ya kutoa gharama. Huko Gazi, Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja huuza kaboni ya mikoko, jamii inajulikana: ni wanakijiji. Mitaani Nairobi si rahisi hivyo. Kibera sehemu kubwa ni ardhi ya umma, ukiondoa ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki yake mwaka 2017. Kawangware imejaa ploti za watu binafsi. Katika mitaa yote miwili anayepika kwa kawaida ni mpangaji, na akihamia mtaa mwingine kama Kangemi hubeba jiko lake, tani zake zikimfuata.