Kuacha Sigara Turbo: Historia ya Siku Tatu za Kwanza

Kuacha sigara ni jambo ambalo watu wa Turbo wamelifanya kwa vizazi kadhaa, kila kizazi kwa njia yake. Wapo walioziacha sigara zao kanisani, wapo walioacha baada ya daktari kuwaonya, na wapo walioanza kwa kukosa tu mahali pa kuvutia baada ya sheria kubadilika. Mji wenyewe uko Kaunti ya Uasin Gishu, magharibi mwa Eldoret, kando ya barabara kuu na reli ziendazo Malaba na Uganda. Katika vizazi hivyo vyote mwili wa mvutaji haukubadilika: siku tatu za kwanza zilikuwa na uchungu uleule. Kilichobadilika ni kinga inayomzunguka mtu katika siku hizo, na historia ya kuacha sigara mjini hapo ni historia ya kinga hiyo.

Tumbaku kabla ya sigara

Tumbaku ni mmea uliotoka Amerika. Wareno waliuleta pwani ya Afrika katika karne ya 16, na kufikia karne ya 19 ulikuwa umeenea hadi bara, ukilimwa nyuma ya nyumba katika jamii nyingi za Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa. Wanandi, ambao nchi yao inapakana na Turbo, huuita tumato. Majani yalikaushwa, yakasagwa na kuchanganywa na magadi ili kupata ugoro, ambao mzee aliutia katika pembe ndogo au kikopo chenye kifuniko. Wengine walitafuna, wengine walivuta kwa kiko.

Ugoro una nikotini, na mtu aliyeuzoea aliuhitaji kila siku. Hata hivyo, matumizi yake yalikuwa na mipaka. Kwanza, kiasi kilitegemea kile kishamba cha nyuma ya nyumba. Pili, ugoro ulikuwa zaidi jambo la watu wazima: wazee walipeana walipokutana kuzungumza, na kijana aliyeheshimu wakubwa hakuthubutu kuutoa mbele yao. Heshima ya rika ilifanya kazi ambayo baadaye ililazimika kufanywa na Bunge.

Reli, mashamba na paketi

Mipaka hiyo ilivunjwa na mambo yaliyokuja karibu kwa wakati mmoja. Kuanzia mwaka 1908 makaburu kutoka Afrika Kusini, na baadaye walowezi wengine wa Kizungu, waligawiwa mashamba katika uwanda wa Uasin Gishu. Kampuni ya British American Tobacco ilikuwa imeanza biashara nchini Kenya mwaka 1907. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, ikaendelea kupitia Turbo kuelekea Uganda hadi kufika Kampala mwaka 1931. Kiwanda cha sigara kilifunguliwa Jinja mwishoni mwa miaka ya 1920, na kingine Nairobi katika miaka ya 1950. Turbo ikawa katikati ya njia, na sigara zikawa miongoni mwa bidhaa za kila duka la Mhindi na kila kibanda karibu na stesheni.

Waliozinunua walikuwa vibarua wa mashamba ya mahindi na miwati, Wanandi na Waluhya na watu wa makabila mengine, waliokuwa mbali na wazee wao na waliolipwa pesa taslimu. Vita vya Pili vya Dunia vikawaongeza wengine: askari wa King's African Rifles walirudi nyumbani na vyeo, hadithi za Burma, na wengi wao na sigara mdomoni.

Sigara haikuwa ugoro uliofungwa kwa karatasi. Moshi wake ni laini kiasi kwamba mtu huuvuta hadi ndani kabisa ya mapafu, na nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde kumi hivi. Ubongo hujifunza haraka kwamba mkono ukienda mdomoni, raha inakuja. Mtu anayevuta sigara 20 kwa siku, na kila sigara mivuto kumi, anarudia somo hilo mara 200 kabla ya kulala. Hii ndiyo sababu sigara hushika watu kwa nguvu kuliko kiko cha babu.

Baada ya uhuru Turbo ilikua. Mashamba ya walowezi yaligawanywa, misitu ya serikali ikapandwa miti ya kulisha kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilichofunguliwa Webuye mwaka 1974, na malori ya magogo, mahindi na shehena ya Uganda yakawa hayakatiki barabarani. Katika miaka hiyohiyo wakulima wa Malakisi, Bungoma, walianza kulima tumbaku kwa mkataba. Sportsman, yenye kichwa cha farasi kwenye paketi, ilijulikana hata na mtoto asiyejua kusoma. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Mastermind ikaingia sokoni, na Supermatch yake ikawa mshindani.

Kilichomfaa dereva, utingo na mpakiaji wa magunia ni kwamba hakuhitaji kununua paketi. Kwenye kibanda, muuzaji hufungua paketi na kuuza sigara moja moja. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba kwenye wavu wa dirisha, na mteja huwasha papo hapo bila hata kukitoa mahali pake. Kwa mtu aliyeamua kuacha asubuhi hiyo, kamba ile ni mtego. Hahitaji kubadili uamuzi wake wote. Anahitaji sarafu chache tu na dakika moja ya udhaifu.

Kuacha kanisani

Kinga ya kwanza dhidi ya sigara ilitoka kwa makanisa. Maquaker wa Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na dini yao ikaenea katika nchi ya Waluhya. Africa Inland Mission ilifanya kazi miongoni mwa Wanandi. Yote mawili yaliwataka waumini waache pombe na tumbaku, na watoto wa misheni hizo walipohamia mashamba ya Turbo na Lugari walikuja na msimamo huo. Kanisa Katoliki halikuweka katazo kama hilo, kwa hiyo majirani wawili wangeweza kwenda ibada tofauti Jumapili, mmoja akiwa na paketi mfukoni na mwenzake akiiona paketi hiyo kuwa dhambi.

Aliyeokoka alisimama mbele ya watu, akatoa ushuhuda, akasalimisha sigara au kikopo cha ugoro. Kwa macho ya tiba, tendo hilo lilikuwa na hekima. Liliweka siku maalumu ya kuacha. Liliondoa tumbaku nyumbani. Liliwafanya watu wengi wajue, na jioni, saa ambayo hamu huwa kali, mtu huyo alikuwa kwenye maombi au kwaya miongoni mwa wasiovuta. Washauri wa leo hupendekeza karibu hatua hizohizo.

Udhaifu wake ulikuwa kwa aliyeteleza. Kwa kuwa sigara ilihesabiwa kuwa dhambi, aliyevuta moja siku ya tatu alijiona ameanguka kabisa, akaogopa kurudi kanisani, akaendelea kuvuta kwa siri. Wengi waliteseka hivyo bila sababu, kwani kuteleza ni sehemu ya kawaida ya safari, na wengi wanaofaulu wamewahi kujaribu zaidi ya mara moja.

Wasabato, walioanza kazi Gendia kando ya Ziwa Victoria mwaka 1906, waliunganisha imani na tiba. Karibu mwaka 1960, nchini Marekani, daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg wa kanisa hilo walianzisha Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara, uliosambaa baadaye katika nchi nyingi. Washiriki walikutana jioni tano mfululizo, wakanywa maji kwa wingi, wakaepuka kahawa na pombe, wakatembea baada ya kula, na kila hamu ilipokuja wakajikumbusha uamuzi wao. Mpango huo ulikuwa wa mapema katika kulenga siku za kwanza zenyewe badala ya kuhubiri tu ubaya wa sigara.

Hospitali yaingia

Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha Uingereza utafiti uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, na mwaka 1964 serikali ya Marekani ikatoa ripoti yake maarufu. Habari hizo zilichelewa kuwa na uzito Turbo, kwa kuwa kituo cha afya kilielemewa na malaria, kifua kikuu na uzazi. Mgonjwa wa kifua aliambiwa aache sigara, lakini hakuambiwa namna.

Mambo yalianza kubadilika na ujio wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana, ulioanza mwaka 2001 kwa ajili ya kutibu Ukimwi. Turbo ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo. Baadaye kazi ilipanuka hadi magonjwa yasiyoambukiza, na katika miaka ya 2010 tarafa za Turbo na Kosirai zilitumika katika mradi wa kuwaunganisha wenye shinikizo la damu na huduma kupitia wahudumu wa afya ya jamii. Mhudumu anayepima shinikizo la damu la mtu uani kwake yuko mahali pazuri pa kuuliza kuhusu sigara, kwa sababu mgonjwa na familia yake wako pamoja.

Dawa nazo zilikuwapo duniani. Ubani wa nikotini, uliobuniwa Sweden, uliidhinishwa kwanza Uswisi mwaka 1978, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliingiza tiba mbadala ya nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa kibarua wa Turbo bei imekuwa kizuizi kikubwa. Sigara moja hununuliwa kwa sarafu. Ubani na plasta za nikotini hulipiwa kwa mkupuo, na mara nyingi mjini Eldoret.

Sheria na mpaka mpya

Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ikapitishwa mwaka 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Ilipiga marufuku kuvuta katika maeneo ya umma, matangazo ya sigara, kuwauzia walio chini ya miaka 18, na kuuza paketi yenye chini ya sigara kumi. Maonyo yaliwekwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Kanuni za mwaka 2014 ziliongeza picha za magonjwa kwenye paketi. Zilipingwa mahakamani na kampuni ya sigara hadi Mahakama ya Juu ilipozithibitisha Novemba 2019.

Kwa anayeacha, faida ya sheria ilionekana ndani ya matatu. Safari ya Eldoret ikawa saa nzima bila moshi wa jirani. Hata hivyo, uuzaji wa sigara moja moja haukukoma vibandani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5, yaani asilimia 11.6, wakitumia tumbaku: asilimia 19.1 ya wanaume na 4.5 ya wanawake.

Siku tatu zenyewe

Ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kupungua. Nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo aliyevuta ya mwisho usiku huamka akiwa tayari na hamu. Siku ya kwanza huwa na wasiwasi na mikono isiyotulia. Ndani ya siku moja au mbili hewa ya sumu ya kaboni monoksidi huondoka mwilini na damu hubeba oksijeni vizuri zaidi. Siku ya pili na ya tatu ndizo kilele: hasira za haraka, usingizi wa vipande, njaa, kichwa kizito, kukosa umakini. Baada ya hapo makali hushuka, na mengi huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Kikohozi kinaweza kuendelea kwa muda, mapafu yanapojisafisha.

Hamu yenyewe ni fupi. Huja kama wimbi, hudumu dakika tatu hadi tano, kisha hupita, mtu awe amevuta au hajavuta. Ndiyo maana mbinu rahisi hufaa: kunywa maji, kutembea, kutafuna kipande cha muwa au karanga, kupiga simu kwa anayejua. Aliyezoea kuvuta baada ya chai hufaidika kwa kuondoka mezani mara akimaliza kikombe. Dereva hufaidika kwa kusimama mbali na kibanda chake cha kawaida. Pombe huepukwa wiki za mwanzo, kwa kuwa huyeyusha maamuzi mengi. Kuhamia ugoro, au vifuko vya nikotini vilivyoingia soko la Kenya mwaka 2019, si kuacha nikotini. Wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo wanashauriwa kumwona mhudumu wa afya kabla ya kutumia dawa yoyote, na nambari ya bure 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, hutoa ushauri kwa anayetaka kuacha.

Anayevuka siku hizo hupata faida zinazoendelea kukua. Baada ya mwaka mmoja hatari iliyoongezwa na sigara ya ugonjwa wa moyo huwa imepungua kwa takriban nusu, na baada ya miaka kumi hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Vipande vya kinga vipo tayari Turbo: mashahidi wa kanisani, mhudumu wa afya anayefika nyumbani, na sheria ya mahali pa umma. Vinavyokosekana ni viwili, dawa ya nikotini katika kituo cha afya cha karibu kwa bei ya kibarua, na kibanda kisichouza sigara moja.